Besi ya Kijani

Bonasi ya majani chai hulipwa Oktoba, na ndiyo maana Oktoba katika kaunti yetu ni mwezi wa ndoa kupimwa upya. Sisi wa Fort Ternan tuko chini kidogo, kwenye joto la kahawa na miwa, lakini mama mkwe wangu, ambaye sote humwita Kogo, ana kishamba cha chai huko juu upande wa Kericho. Pesa zake zikikaribia kuingia, nyumba nzima huanza kusemezana kwa adabu. Kogo hashiki simu. Laini yake ya M-Pesa hukaa kwa mwanawe, ambaye ndiye mume wangu. Oktoba ile tulikuwa tumekubaliana sote, sahani zikiwa bado mezani, kwamba bonasi itanunua tangi la maji. Mahali pa tangi tulishasawazisha na kumwaga kokoto.

Tangi halikuja. Ilikuja besi: gitaa la nyuzi nne, la kuchongwa kwa mkono, rangi ya kijani.

Baba watoto ni mwalimu siku za wiki na mpiga besi siku ya Jumapili. Besi aliyozoea kupiga kanisani ilikuwa ya afisa mmoja wa kilimo, na afisa akapewa uhamisho. Mtu akihamishwa huhama na vyombo vyake. Bendi ikabaki na kinanda na ngoma, na mume wangu akabaki na mikono. Kwa wiki kadhaa alikuwa akikaa benchi la mbele huku vidole vya kushoto vikicheza juu ya goti. Wazee wa kanisa walidhani ni ugonjwa.

Alipiga hesabu zake. Besi ya kiwandani, ile ya bei ya chini kabisa, Nairobi ilikuwa inazidi shilingi 20,000 kabla hujagusa nyuzi za akiba, waya na mkoba. Za mitumba zilikuwa hazipatikani, au zikipatikana zina historia ambayo muuzaji hapendi kuisimulia. Ndipo akasikia habari za fundi mmoja bondeni, kwenye miwa, anayetengeneza makochi na vitanda, na mambo yakiwa mabaya majeneza, na ambaye amewahi kuchongea kwaya fulani magitaa. Fundi akasema 13,000. Akaongeza, kwa upole wa mtu anayejua kuuza, kwamba mwalimu atajichagulia mwenyewe rangi na umbo. Hapo tangi likaanza kuondoka. Kogo aliombwa ruhusa, akasema kama ni kazi ya Mungu basi maji yangoje, kwani mvua ya Kericho imewahi kwisha lini?

Fundi alikuja nyumbani kupokea oda. Kabla ya kuketi alilibonyeza kochi letu kwa kidole gumba, kazi ya mshindani wake, akatikisa kichwa kidogo. Nikawawekea chai. Walizungumza mpaka kuku wakaingia ndani kulala, na mimi, niliyekuwa pembeni nikipiga pindo la sare ya shule, sikupitwa na neno. Walizungumza rangi. Kijani, ndiyo, lakini kijani gani? Mtoto akatumwa kuchuma jani la chai kwenye miche miwili ambayo Kogo aliileta kutoka juu na inayonyong'onyea karibu na choo. Jani likawekwa juu ya meza likatazamwa. Walizungumza pembe za gitaa: ndefu upande wa juu, fupi upande wa chini. Kisha Baba watoto akatoa siri yake. Alitaka nakshi: majani mawili na chipukizi, vile wachumaji wanavyofundishwa kuchuma, yachongwe kwa mbao nyeupe na kupachikwa kwenye kifua cha gitaa. Ukubwa wa kiganja. Yakae mahali wazi, ambapo mkono wa mpigaji hautayafunika, waumini wayaone.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni nambari: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nilingoja kusikia nambari. Ilitajwa moja tu, nayo ilikuwa bei.

Nawajua wateja wa aina hii kwa sababu ndio ninaowashonea. Mwanamke huja na picha ya bibi harusi mwembamba aliyesimama penye upepo, mkononi ana kitambaa cha bei ya soko la Jumamosi, na mwili ni ule aliopewa na Mungu na watoto watano. Anataka picha. Nikimwambia kwamba kitambaa hiki hakianguki hivyo, ananiona sijui kazi. Nikinyamaza nikashona, ananiona nimemwibia. Nimejifunza kumuuliza swali moja kabla ya kukata: kati ya kukaa vizuri begani na hizi shanga, pesa yako niipeleke wapi, maana haitoshi kwenda kote? Fundi wa makochi hakumuuliza mume wangu swali hilo. Na mume wangu, bila kuulizwa, alilijibu: shanga.

Lazima nieleze kwa nini mtu mzima mwenye mshahara wa serikali anaweza kuugua besi. Fort Ternan iko mpakani. Reli ya Kisumu hupita hapa, na ukishuka nayo unaingia Koru na Muhoroni, kwa Waluo, kwenye benga, muziki ambao ndani yake besi haikai nyuma kama mlinzi wa usiku bali hukimbizana na gitaa la mbele na kujibizana nalo. Ukipanda mlima unafika Kericho mjini, ambako jamaa wa Chandarana walikuwa na duka na studio, na katika miaka ya 1970 walirekodi bendi za Waluo na za Wakipsigis na kuzitoa kwenye sahani za santuri. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alinunua sahani hizo kama wengine walivyonunua ng'ombe. Mume wangu alikulia chini ya spika. Anasema alijua sauti ya besi kabla hajajua kusoma, na kwamba aliisikia tumboni. Sina sababu ya kumkatalia. Watoto wetu nao walikuwa wakiruka tumboni mwangu akianza kufanya mazoezi.

Na magitaa ya kuchongwa kwa mkono si jambo la ajabu Afrika. Kule Kinshasa yuko Misoko Nzalayala, wanayemwita Socklo, ambaye kwa miaka mingi amewatengenezea wanamuziki wa mji ule magitaa kwa mbao na vipuri anavyovipata hukohuko, na wanamuziki wanayapenda kwa sauti yake yenyewe. Kosa si kumwendea fundi. Ila watu wengi, na mwalimu wangu akiwa mmoja, hudhani gitaa la fundi wa bei nafuu ni gitaa la kiwandani lililopunguzwa bei. Mambo yako kinyume. Besi ya umeme kama tunavyoijua ilianza kuuzwa mwaka 1951, pale Leo Fender wa California alipotoa ile aliyoiita Precision, na tangu mwanzo alikuwa amefikiria kiwanda: shingo hufungwa mwilini kwa skurubu, ikiharibika inafunguliwa na nyingine inawekwa. Leo mashine hukata maelfu ya shingo bila kuchoka na bila kufikiria ada za shule, na mfereji wa kila freti hukaa mahali pake kabisa. Usahihi ndicho kitu ambacho kiwanda hukitoa kwa bei rahisi. Kwa mkono, usahihi ndicho kitu ghali kuliko vyote, kwa sababu hununuliwa kwa saa. Huko Ulaya na Marekani fundi anayejenga besi moja moja huomba maelfu ya dola, na watu hungoja zamu. Sisi tulinunua saa chache za mtu mwenye vitanda vitatu vya kumalizia kabla ya Krismasi.

Sitasema mengi juu ya kungoja. Kila mtu aliyewahi kuagiza kabati anajua nyimbo zake: varnishi haijakauka, stima zimepotea, shangazi amefariki. Kuhusu mbao, fundi alituhakikishia kwamba imekaa kwa muda mrefu sana. Katika mji ambao Louis Leakey, mwaka 1961, alichimbua taya la Kenyapithecus lenye umri wa miaka milioni 14 kwenye shamba la mlowezi aliyeitwa Wicker, mtu akisema kitu kimekaa muda mrefu hakuna anayeshtuka wala kudai ushahidi.

Besi ililetwa kwa bodaboda, imefungwa kwa shuka, na nitakuwa mwongo nikisema haikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno. Mwili wa grevilea, umepakwa kijani chenye kina kama mashamba ya Kericho baada ya mvua. Pembe zimepinda kwa heshima. Na lile jani! Majani mawili na chipukizi, kila mshipa umechorwa kwa ncha ya patasi, limepachikwa kifuani pasipo ufa wa kupitisha unywele. Majirani walikuja kulitazama. Kogo alilipapasa kwa kidole akasema hili lingepokelewa kiwandani bila kurudishwa. Mume wangu alitoa salio, akabakiza kidogo kwa ajili ya marekebisho, huku akionekana kuona aibu kubakiza.

Kisha akaivaa kwa mkanda, akaachilia mkono wa kushoto ili apokee kikombe, na kichwa cha gitaa kikaanguka chini kwa nguvu kikaivunja chupa ya chai.

Ndani ya shingo, badala ya ule msumari mrefu wa chuma ambao besi za kiwandani huwa nao na ambao hukazwa kwa ufunguo ili kunyoosha shingo, fundi alikuwa ameweka chuma cha mraba cha madirisha. Alikuwa na sababu nzuri. Nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta kwa nguvu inayoweza kuzidi kilo 70, kila siku, usiku na mchana, na shingo ya mbao peke yake ingekunjika kama upinde. Lakini grevilea ni mbao nyepesi na chuma cha dirisha ni chuma cha dirisha. Kuanzia siku hiyo Baba watoto hakuweza kuachilia shingo. Akitaka kujikuna aliita mtoto.

Jioni ile aliichomeka kwenye amplifaya ya kanisa, aliyoiazima kwa barua. Kogo alikuwa kitandani. Akatoka na fimbo yake, ametulia kabisa, akauliza nani amefungia nyuki ndani ya lile sanduku. Alisimama akasikiliza kwa makini ya mtu aliyezaliwa kwenye mizinga. Akasema ni kundi kubwa, na wamekasirika. Mume wangu alipoweka kiganja juu ya chuma cha tundu la kuchomeka nyuki wakanyamaza, alipokiondoa wakaanza tena. Basi akapiga nyimbo mbili kiganja kimoja kikiwa hakithubutu kwenda mbali, Kogo amekaa kitini, fimbo magotini, akingoja nyuki watoke.

Nyuki walifukuzwa na mtoto wa kaka yangu, ambaye anasomea umeme chuoni na ndiye anayepiga kinanda kanisani wakati wa likizo. Alikifungua kifuniko cha nyuma, akacheka, akavuta kijiwaya kutoka kwenye daraja linaloshikilia nyuzi hadi kwenye chuma cha tundu la kuchomeka, akachomelea. Kelele zikafa. Fundi alikuwa ameusahau waya huo mmoja tu. Tukadhani tumemaliza. Kijana akaichukua besi, akaikaza nyuzi kwa programu ya simu mpaka mshale ukasimama katikati, akapiga chini, penye freti za mwanzo. Safi. Akapanda. Uso wake ukaanza kukunjana. Akafika freti ya 12 akapiga, akaitazama simu, akaitazama besi, kisha akanigeukia mimi.

"Senge," akasema, yaani shangazi, "nipe ile futi yako ya kushonea."

Nikamvulia kutoka shingoni. Akapima kutoka kwenye kile kijiti cha mfupa mwanzoni mwa shingo, nyuzi zinapoanzia, hadi freti ya 12: sentimita 43.2. Akapima kutoka hapo hadi kwenye daraja: sentimita 45.

"Anko," akasema polepole, "freti ya 12 ni katikati ya uzi. Lazima iwe nusu kwa nusu. Ukiukata uzi nusu ndipo unapata ileile sauti ya mwanzo, ikiwa juu ngazi nzima. Hapa daraja limerudi nyuma karibu sentimita mbili. Kila unapopanda unazidi kushuka sauti, na ukifika hapa umekosa kwa kama theluthi ya hatua moja ya kinanda."

Mume wangu akasema labda simu ina makosa.

Freti, ieleweke, zilikuwa sahihi. Fundi alikuwa ameazima besi halisi ya bendi moja kwa mchana mmoja, akaikandamizia karatasi ya mfuko wa simiti na kuchora kila freti kwa penseli. Besi ile ilikuwa ya urefu wa kawaida, inchi 34, yaani sentimita 86.4 kutoka mfupa hadi daraja. Freti ya kwanza hukaa kama sentimita 4.85 kutoka kwenye mfupa, na kila inayofuata husogea kidogo kuliko iliyotangulia. Alizihamisha zote bila kukosea. Kwa hiyo daraja lilirudije nyuma? Tulimwita. Alikuja siku hiyohiyo, jambo ambalo namhesabia kwa wema, akaketi kwenye kochi la mshindani, akasikiliza mashtaka yote, kisha akanyoosha kidole.

"Mwalimu, si uliniambia jani likae hapa? Jani limekaa hapa. Sasa daraja ningelipeleka wapi?"

Kimya. Kati ya ile pikapu inayonasa sauti na mahali pa daraja palikuwa na nafasi ya vidole vichache. Jani lilikuwa la kiganja. Fundi alilipenda jani lile, na alilipwa kwa ajili yake, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba daraja halihamishiki. Kwake, mtu wa makochi, daraja lilikuwa kitasa: unakifunga panapopendeza. Nilimtazama mume wangu, naye akaitazama dari. Nilijua alichokuwa akikiona huko: jioni nzima ya rangi na pembe.

Dawa ilikuwa rahisi kuitaja. Ng'oa daraja, lisogeze mbele sentimita 1.8, ziba matundu. Lakini huko mbele ndiko liliko jani, na daraja lingekaa juu ya chipukizi kama tingatinga kwenye kitalu. Baba watoto akasema hapana. Alisema afadhali apige freti za chini tu maisha yake yote. Kijana akamkumbusha kwamba nusu ya benga iko juu. Akasema atapiga tenzi. Kijana akasema mpiga kinanda hawezi kuhamisha tenzi zote ziwe na besi ya chini; wanawake wa kwaya watalazimika kuimba kama mafahali. Ikaendelea hivyo hadi Januari.

Na Januari jua la kiangazi likaingia, likatufunulia ile mbao ilikuwa imekaa muda mrefu wapi. Shingo ilikuwa ya mkaratusi, mti ule ambao viwanda vya chai huchoma kukaushia majani, na ambao kila seremala anajua hupenda kujipinda ukikauka. Wenye subira husema mbao ikaushwe kivulini mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Wetu, nadhani, ulikuwa umenusurika kuingia tanurini majuzi tu. Licha ya chuma cha dirisha, shingo ilianza kujisokota kidogo kidogo, nyuzi zikainuka upande mmoja na kulala upande wa pili, na ukipiga uzi mnene ulikuwa ukigonga freti kwa sauti ya kijiko ndani ya kikombe cha bati. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyowekwa mwaka 2018 na kuondolewa 2023, ilikuwa imepandisha bei ya mbao nzuri kila mahali, na fundi wa 13,000 hununua ile iliyo karibu na barabara. Hilo sikumlaumu hata kidogo. Mimi pia nina wateja ambao bitana yao hutokana na kilichobaki.

Suluhu ilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Kogo alizaliwa upande wa Kapkatet, na ingawa hakumbuki vizuri nani alikuja lini, amewahi kuambiwa kama sisi sote kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey, Mzungu wa kurekodi, alipita huko akawanasa wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya Chemirocha. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani wa gitaa aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika vijijini kwa santuri. Waliimba kwa chepkong, kinubi chetu. Kogo anakijua chepkong. Kaka zake walikichonga wenyewe, wakakivalisha ngozi, wakakifunga nyuzi. Basi siku moja, mwanawe akilalamikia freti, Kogo akauliza kwa nini mnahangaika na hivyo vichuma. Kinubi hakina vichuma. Aliyekichonga anakisikiliza, akikosea anarudia.

"Viondoeni," akasema, na kurudi kupukuchua mahindi.

Mtoto wa kaka yangu aliruka kama aliyechomwa. Akatafuta kwenye simu, akatusomea kwamba Bill Wyman, aliyekuja kuwa mpiga besi wa Rolling Stones, alinunua besi rahisi mwaka 1961, akazing'oa freti zake zilizokuwa zikilia ovyo akikusudia kuweka nyingine, akaipenda ilivyo na kuiacha bila freti. Mwaka uleule wa taya la Leakey, nikamwambia, lakini hakuna aliyenijali. Besi isiyo na freti haina mahali pa kukosea palipochongwa. Noti iko popote kidole kinapoipata. Daraja likae nyuma, likae mbele, sikio ndilo hupima. Na bila freti ubao wa shingo unaweza kupigwa randa ukanyooka.

Fundi akarudi na koleo. Alizipasha freti moto kwa chuma cha kuchomelea, akazivuta taratibu mbao isichanike, akaifungua shingo skurubu zake. Kogo akakataa ipigwe randa siku hiyo. Akaagiza itundikwe kwanza jikoni, juu ya meko, pale anapokaushia kuni na mahindi ya mbegu, mpaka imalize kujisokota. Ikakaa huko katika moshi, kati ya magunzi na vibuyu vya maziwa ya mursik. Watoto walipoulizwa shuleni baba yenu anapiga nini walijibu shingo yake iko darini.

Iliposhuka ilikuwa na rangi ya asali na harufu ya jiko. Fundi akaipiga randa, akaijaza mifereji ya freti kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao hiyohiyo, kwa makusudi, ili mistari ya zamani isionekane ikampoteza mpigaji. Akaipaka varnishi ngumu, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu nyuzi za besi ni kama tupa na zingeula ubao. Kichwa akakipunguza mpaka kikaacha kuvunja vyombo. Kijana akachukua futi yangu tena, akapiga hesabu upya kwa urefu wa sentimita 88.2, na kuweka vidoti vidogo vyeupe ubavuni mwa shingo panapostahili. Tulimlipa fundi salio lake lote. Alilistahili. Alifanya marekebisho bure, na jani halikuguswa.

Sasa sauti. Naijua besi, nimelala nayo ukuta mmoja, na nasema kwa haki: ile ya kijani, ikipigwa sawasawa, inaimba. Haigongi kama zile za dukani. Inateleza, inanung'unika, inaingia kwenye noti kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani. Lakini ikipigwa sawasawa. Freti zilikuwa zikimsamehe mume wangu mengi: hata kidole kikitua pabaya kidogo, noti ilitoka safi. Sasa hakuna wa kumsamehe. Wiki za kwanza kijana akiwa kwenye kinanda alikuwa akifumba macho. Mchungaji alisifu sana rangi.

Kogo akahamia benchi la mbele. Hakuwa amesema kwamba atasaidia. Aliketi tu mbele ya mwanawe na fimbo yake. Noti ikiwa chini anainua kidevu. Ikiwa juu anakishusha. Ikiwa sawa hafanyi chochote, na mimi nimehesabu baraka nyingi maishani lakini hakuna iliyonipendeza kama kumwona mwalimu mtu mzima akipapasa shingo ya besi jasho likimtoka, macho hayamwachi mama yake. Kufikia Pasaka Kogo alikuwa akipitisha wimbo mzima bila kutikisika. Wengine walidhani amesinzia.

Na besi ikajitangaza. Watu wa makanisa mengine walioliona lile jani waliteremka bondeni kumtafuta fundi, kila mmoja na picha yake kwenye simu na rangi yake kichwani. Fundi, kwa akili, alianza kuwatuma kwangu kwanza. Nina kitabu kidogo sasa. Naandika urefu wa uzi, mahali pa daraja, aina ya mbao na imekauka tangu lini, uzito wa kichwa, nani analeta nyuzi, na bei ikiwa na freti au bila freti. Mteja anaweka sahihi, fundi anaweka sahihi, nami napata shilingi mia mbili. Mabati ya kukinga maji ya paa yametokana na kitabu hicho. Tangi lenyewe linangoja Oktoba nyingine, na laini ya Kogo sasa iko kwenye simu yangu.

Juzi alikuja kiongozi mmoja wa kwaya kutoka juu, mtu mpole, anataka besi ya waridi yenye ng'ombe kifuani. Ng'ombe mzima, na pembe zake. Nikamuuliza urefu wa uzi, akasema wowote. Nikamuuliza mbao, akasema fundi atajua. Nikamuuliza ng'ombe atasimama wapi, akanionyesha kwa kiganja palepale, katikati, mbele ya daraja. Nikafungua ukurasa mpya, nikalamba kalamu, nikamwambia ng'ombe wake atalala nyuma ya daraja, na akiwa mnene atakatwa mkia.

Akaniuliza kama anaweza kuzungumza na fundi mwenyewe.